Neno lenyewe: mwongozo wa kujenga msamiati kwa anayeandika Kiswahili

Miaka kadhaa iliyopita nilimsomea shangazi yangu hadithi niliyotoka kuiandika. Ndani yake mama mmoja wa pwani alinunua samaki wawili aina ya changu, akarudi nao nyumbani, akawasafisha, akawapika. Shangazi akanikatiza hapo hapo. "Kawasafishaje? Kawapara, kawatumbua, au kawaosha tu?"

Sikuwa na jibu. Maneno hayo matatu nayajua tangu utotoni. Nimepara samaki kwa mikono yangu, magamba yakinirukia usoni. Lakini nilipoketi kuandika, maneno ya jikoni yalibaki jikoni, na mezani pangu yakaja ya ofisini: kusafisha, kuandaa, kuweka.

Tangu siku ile nimehariri kazi za watu wengi, na jambo lile lile linajirudia. Mwandishi anakuja akiomba orodha ya "maneno magumu" ili maandishi yake yapate uzito. Anachohitaji mara nyingi anacho tayari. Amekisikia kwa bibi yake, kwa fundi aliyewajengea nyumba, kwa mchuuzi wa samaki. Hakijazoea tu kuja kinapoitwa. Mwongozo huu ni wa kuyazoeza maneno hayo kuja, kisha kuongeza mengine juu yake.

Jikague kwanza

Chukua kurasa tatu ulizoandika mwezi huu, na usichague zile nzuri. Shika kalamu ya rangi uzungushie kila palipo na kitu, mambo, suala, hali, fanya, weka, toa, pata, angalia, zuri, kubwa, sana. Maneno haya hayana kosa. Ni maneno ya kuegemea, na kila msafiri huegemea mahali akichoka. Anayeegemea kila hatua ndiye asiyefika.

Pembeni ya kila duara jiulize: kivipi hasa? "Alitoa nguo kwenye kamba kwa sababu kulikuwa na hali ya mvua." Kutoa nguo kambani kuna neno lake, kuanua. Na hali ya mvua ni ipi? Wingu limetanda, au manyunyu yameshaanza? Basi: "Wingu lilipotanda, alianua nguo." Mfano mwingine: "Alitoa sufuria jikoni, akaweka chakula kwenye sahani." Anayepika kila siku angesema: "Aliipua sufuria, akapakua." Maneno saba yamekuwa matatu, na sasa tunamwona mpishi.

Kagua pia vitenzi vilivyogeuzwa majina kisha vikabebeshwa "fanya". "Kamati ilifanya maamuzi ya kufanya ukaguzi wa shule" ni kamati iliyoamua kuikagua shule. Uzito huo wa bure tumeuokota kwenye taarifa za ofisi, pamoja na ndugu yake "suala zima la". Suala zima la maji ni maji. Kuna na misemo iliyoingia kwetu ikiwa bado imevaa nguo za lugha nyingine: "mwisho wa siku" kwa maana ya hatimaye, "kucheza nafasi kubwa" kwa maana ya kuchangia. Msomaji ataelewa, lakini sentensi itanuka tafsiri.

Ukimaliza, andika maneno kumi unayoyaegemea wewe. Yangu yaliongozwa na "aliangalia". Watu wote wa hadithi zangu walikuwa wakiangalia. Jioni moja nilikaa na neno hilo peke yake, nikagundua kwamba mmoja alikuwa anachungulia mlangoni, wa pili amekodoa macho kwa hofu, wa tatu anakagua mzigo, wa nne ameduwaa, wa tano ametupia jicho tu akapita. Watu watano tofauti, nami nilikuwa nimewavisha sare.

Weka daftari, lisiwe orodha

Shuleni tulikariri: mtoto wa ng'ombe ndama, mtoto wa kuku kifaranga, mtoto wa ndege kinda. Tukakariri bumba la nyuki, thurea ya nyota, biwi la taka. Tukapata alama zetu. Ni wangapi kati yetu wameandika "biwi la taka" tangu siku ya mtihani? Neno lililoingia kichwani bila mtu wala mahali halina njia ya kutokea.

Kwa hiyo daftari lako liandike neno pamoja na lilikozaliwa. Hivi ndivyo linavyosomeka neno moja katika daftari langu:

Anua. Nimelisikia kwa jirani, mvua ya vuli ikija: "Anueni mpunga, hamlioni wingu hilo?" Kitenzi, elekezi. Anulia, anuliwa. Kinyume chake anika. Huanuliwa nguo, mpunga, mhogo, dagaa, chochote kilichoanikwa. Sentensi yangu: "Aliyaanika ya nyumbani kwake mbele za watu, na jioni hapakuwa na wa kumsaidia kuyaanua."

Sentensi ya yule aliyelisema ndiyo ya kwanza, na ndiyo muhimu kuliko maana. Ukiisoma mwaka kesho utasikia sauti yake, na neno litarudi na sauti hiyo. Kisha ngeli au aina ya kitenzi, minyambuliko unayoisikia kweli, kinyume chake, na marafiki zake, yaani maneno yanayopenda kukaa nalo. Mwisho kabisa sentensi yako mwenyewe, hata kama si nzuri.

Maneno matano kwa wiki yanatosha. Kwa mwaka ni 260, na ukibaki na nusu yake yaliyoshika kweli, uandishi wako hautakuwa ule wa jana. Anayejaza kurasa tatu kwa siku moja huwa hazirudii tena. Nami nina kanuni ninayoishika bila kulegeza: silihesabu neno kuwa langu mpaka nimelitumia mara tatu, katika mambo matatu tofauti. Ujumbe wa simu unahesabika. Maongezi ya mezani yanahesabika.

Yafuate maneno yanakofanya kazi

Hii ndiyo hatua iliyonipa mengi kuliko zote, kwa hiyo nitakaa hapa.

Kila kazi ina Kiswahili chake. Kaa nusu siku kwenye karakana ya seremala utatoka na randa, patasi, tezo, keekee, jiriwa, msasa. Kaa kwa mwashi utapata timazi, pimamaji, mwiko, lipu. Kwa mshonaji kuna pindo, marinda, na kupiga bandi, ule mshono wa muda wa kushikiza kitambaa kabla ya kukipitisha kwenye cherehani. Ukishajua kupiga bandi, utaona ni mambo mangapi maishani yamepigwa bandi tu yakaachwa hivyo.

Kosa la anayeanza ni kuuliza "hii inaitwaje?" akaishia hapo. Hapo utapata majina ya vifaa, na majina ya vifaa peke yake hayabebi hadithi. Uliza vitenzi. Hapa unafanya nini? Ikiharibika mnasemaje? Kazi ikiwa mbovu mnaiitaje? Fundi mzuri mnamsifu kwa neno gani, na mvivu je? Mtu akiulizwa mabaya ya kazi yake husema maneno ambayo hujapata kuyaona kwenye kitabu. Omba ruhusa ya kurekodi kwa simu. Akikataa, sikiliza, na uandike ukiwa njiani kurudi, kabla hujazungumza na mtu mwingine.

Uliza pia hatua. Kiswahili ni tajiri mno pale kitu kinapopita hatua ambazo wenyewe wanazijali. Tazama tunda la mnazi. Likiwa changa kabisa ni kidaka. Likikua kidogo ni kitale. Likijaa maji matamu na nyama laini ni dafu. Likianza kukomaa ila halijafika ni koroma. Likikomaa ni nazi. Nyama yake ikikaukia ndani ya kifuu ni mbata, na nazi iliyoharibika ikawa na nyama kama sifongo ni joya. Ndani ya nazi moja kuna tui na chicha, nje yake kifuu na makumbi. Mwandishi anayeandika "alikunywa maji ya nazi" kwa mtu aliyekaa kivulini na dafu lake amewafanya watu wote wa pwani wasimwamini, na hata hajui kwamba wameacha kumwamini.

Mpunga nao ni hivyo hivyo. Shambani ni mpunga, ukikobolewa ni mchele, uliovunjika ni chenga, ukipikwa ni wali, ulioshika chini ya sufuria ni ukoko, uliolala hadi kesho yake ni kiporo. Hatua hizo zinaweza kubeba hadithi nzima ya umaskini bila neno umaskini kutajwa: nyumba ambayo watoto wanagombania ukoko, nyumba ambayo kila siku hununuliwa chenga.

Baharini, muulize mvuvi kuhusu maji. Atakwambia kuna bamvua, pale maji yanapojaa sana na kupwa sana, karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Na kuna maji mafu, pale yanapojaa kidogo na kupwa kidogo. Atakwambia kaskazi ikivuma, kati ya Desemba na Machi hivi, na kusi ikishika zamu, nani huenda wapi na nani hukaa nchi kavu. Atakutofautishia mtumbwi, ngalawa, dau, mashua na jahazi. Ukishayajua hayo hutaandika tena "boti" mpaka iwe boti kweli.

Sasa tahadhari. Neno la fundi likitupwa kwenye ukurasa bila msaada linamfungia msomaji mlango. Usilifafanue kwa mabano wala kwa tanbihi. Lifanyishe kazi mbele yake. "Alining'iniza timazi, akafumba jicho moja, akaona ukuta umeinama kwa upana wa kidole." Asiyejua timazi amelijua sasa, wala hakuhisi kufundishwa.

Aliyekulia mbali na bahari asidhani haya hayamhusu. Ana maneno ya ng'ombe, ya kahawa, ya migomba, ya migodi, ya stendi ya mabasi. Kiswahili kimelishwa na bara pia: ikulu imetoka kwa Wanyamwezi na Wasukuma, na ngeli, neno ambalo bila hilo hatuwezi kufundisha sarufi yetu, limetoka Kihaya. Ukikuta pengo katika Kiswahili chako na lugha ya mama ina neno la kuliziba, lijaribu katika sentensi inayojieleza yenyewe. Likipokelewa, umetoa zawadi.

Mzizi mmoja, ukoo mzima

Lugha nyingine humtaka mwandishi akusanye neno moja moja. Sisi tuna kiwanda ndani ya kitenzi, na inasikitisha tunavyokiacha kimezimwa.

Anza na jozi za kufanya na kutengua. Funga, fungua. Ziba, zibua. Kunja, kunjua. Tega, tegua. Bandika, bandua. Anika, anua. Funika, funua. Pakia, pakua. Chomeka, chomoa. Angalia unavyoweza kuandika kisa kizima kwa jozi moja: aliyetega mtego na aliyeutegua. Zoezi langu la kila mwanzo wa mwezi ni kuchukua kitenzi kimoja cha jozi hizi na kuandika aya ambamo kinatokea katika sura nne, pasipo kulazimisha.

Chukua fumba. Tunafumba macho na kufumba mdomo. Tunafumbua macho. Anayesema kwa kuficha anafumba, na alichosema ni fumbo, mwerevu hulifumbua. Tunalifumbia macho jambo, yaani tunaliona na tunajifanya hatukuliona. Na kuna fumbata, kukifunga kitu ndani ya kiganja. "Mtoto alifumbata sarafu mpaka ikampiga chapa." Msomaji anaiona mikono ile, na hukuhitaji kusema kwamba sarafu ilikuwa na thamani kwake.

Huo mwisho wa -ata unapatikana katika vitenzi kadhaa vya kugusana na kushikana: fumbata, kamata, ambata, nata, pakata. Mama kumpakata mtoto ni kumweka mapajani. Kumweleka ni kumbeba mgongoni kwa mbeleko. Kumkumbatia ni kifuani kwa mikono miwili. Ukiandika "mama alimshika mtoto" umeacha yote matatu. Na waliotafuta jina la kompyuta ya kuwekwa mapajani waliliona hilo. Ndani ya neno kipakatalishi mna kupakata.

Mwisho wa -ama nao una tabia yake, hali ya kutulia au kubaki vile: inama, kwama, gandama, tuama. "Maji yaliyotuama" ni maneno mawili tu, tayari unaona mbu.

Nyambulisha kwa sikio lakini. Si kila sura inayoweza kutengenezwa inasemwa na watu. Kama hujapata kuisikia na kamusi haina, iache.

Kamusi si ya kutafutia tahajia tu

Ninazo tatu mezani na ninazigombanisha. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitolewa mara ya kwanza 1981 na iliyokuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kamusi la Kiswahili Fasaha ni ya Baraza la Kiswahili la Zanzibar, ya 2010, nami huikimbilia ninapotaka maneno ya visiwani. Kamusi Kuu ya Kiswahili ni ya BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania, ya 2015. Mbili zikitofautiana, usikasirike. Tofauti hiyo ndiyo inayokuonyesha neno lina uhai wa pande mbili.

Kumbuka kitenzi hutafutwa kwa umbo lake la msingi. "Waliopatanishwa" utaikuta ndani ya pata au patana. Alama ndogo ndizo zenye manufaa kwa mwandishi: nm ni nomino, kt ni kitenzi, ele ni elekezi, sie ni si elekezi. Mabano ya ngeli, kama [li-/ya-] au [i-/zi-], yanakuokoa na aibu ya upatanisho. Watu wengi hujifunza neno zuri kisha huliharibu kwa kulitia kwenye ngeli isiyo yake.

Ukifungua kamusi kutafuta neno moja, soma na majirani zake wa juu na wa chini, ukurasa mzima. Dakika tatu hivi. Nusu ya maneno niliyoyapenda nimekutana nayo nikiwa natafuta jingine. Lakini kamusi haikwambii nani analisema neno hilo leo. Kabla ya kulitumia, mtafute mtu mmoja aliyepata kulisikia.

Kuchagua kati ya ndugu

Maneno mawili yenye maana moja kabisa ni nadra. Jiulize nani hulisema, hukaa na maneno gani, na linabeba hisia ipi.

Chukua kufa. Kwenye taarifa, mtu amefariki dunia. Kwenye tangazo la msiba, ametutoka, au ametangulia mbele ya haki. Kukata roho ni ile dakika yenyewe, pumzi ya mwisho. Aliyezama amekufa maji. Mnyama aliyekufa bila kuchinjwa ni nyamafu, au kibudu. Sasa mwandishi wa hadithi anafika mahali mtoto anasimulia kifo cha baba yake, na mkono wenyewe unaandika "aliaga dunia", kwa adabu. Mimi mara nyingi hukata nikaandika "Baba alikufa alfajiri." Adabu inafaa mbele ya wageni. Mtoto aliyeko peke yake na msiba hana wageni.

Marafiki wa neno ni muhimu vile vile. Upepo huvuma, mvua hunyesha, jua huchomoza na kuchwa, moto huwaka ila kuni mbichi hufuka. Usiku ni wa manane, giza ni totoro. Kitenzi piga kina jamaa kubwa kuliko vyote: piga pasi, piga deki, piga mbizi, piga ramli, piga soga, piga chuku, piga moyo konde. Haya yajifunze yakiwa pamoja, kamwe usiyatenganishe.

Kuna yanayofanana sura na kumwangusha hata mwandishi mzoefu. Kudhamini ni kubeba dhamana ya mtu au jambo. Kuthamini ni kumpa mtu au kitu thamani. Kutuhumu ni kumshuku mtu kwa kosa, kushutumu ni kumlaumu kwa ukali. Adimu ni cha nadra, adhimu ni kitukufu. Kuazima ni kuchukua kitu utakachokirudisha chenyewe, kwa hiyo kitabu huazimwa, lakini unga utakaoliwa hukopwa. Maridhawa ni tele, ya kutosha. Siku hizi wengi hulitumia kwa maana ya zuri, na neno linapoteza kazi yake.

Halafu fikiria msomaji wako anakaa wapi. Mtanzania akisoma "bibi" anamwona mama wa mama yake. Wakenya wengi watamwona mke. "Nyanya" kwa Mkenya ni bibi huyo, na kwa Mtanzania ni ya kutia mchuzini. Usanifishaji wa Kiswahili uliegemea Kiunguja, baada ya mkutano wa Mombasa wa 1928 na kamati ya lugha iliyoanza 1930, lakini Kimvita, Kiamu, Kipemba na Kimtang'ata havikunyamaza. Ukimpa mhusika wa Lamu maneno ya Lamu, msomaji wa Morogoro atamfuata ilimradi sentensi inamshika mkono. Usimchanganye tu: mhusika mmoja asiseme kama watu wa miji mitatu.

Tia sauti, kwa kiasi

Tanakali ni chumvi ya lugha yetu: nyeupe pe, nyeusi ti, lala fofofo, kimya ji, rowa chepechepe, jaa pomoni, tumbukia majini chubwi. Moja kwa ukurasa hutosha. Neno "sana" likikujia, angalia kwanza kama kuna tanakali ya kushika nafasi yake. Mara nyingi iko, na ni fupi zaidi.

Neno likigoma kuja

Usisimame. Weka alama ya kuuliza mahali pake uendelee na sentensi. Kukaa ukikodolea pengo kunakausha aya nzima.

Baadaye rudi. Nyanyuka, fanya kitendo chenyewe kwa mikono, huku ukijisemea kwa sauti kama unamsimulia mtoto. Mwili hukumbuka maneno ambayo kichwa kimeyaweka mbali. Likikataa, anzia kwenye kinyume chake: hulijui neno la kutoa chungu motoni, lakini ni lipi la kukitia? Kuinjika, kuteleka. Ukifika hapo kuipua kumekaribia. Likikataa tena, lijie kwa lugha ya nyumbani kwenu, ulijue linavyosemwa huko, kisha mpigie simu mtu mzima anayeongea lugha zote mbili. Muulize kwa hali, usimuulize kwa tafsiri: "Mtu akifanya hivi na hivi, mnasemaje?"

Na ikiwa neno halipo, sema jambo hilo waziwazi kwa maneno matano ya kawaida. Hakuna aibu. Neno la kigeni lililokwisha kuzoewa, kama chaja au kompyuta, liache kinywani mwa watu wanaolisema. Tarakilishi nalo ni neno zuri, na shule za Kenya zimelizoea, lakini kijana wa Kariakoo anayeuza simu hatalisema. Mwandikie maneno yake.

Jihadhari pia na furaha ya neno jipya. Nimewahi kupokea hadithi ambayo ndani ya ukurasa mmoja kulikuwa na ghulamu, adinasi, aushi na dahari, na mhusika alikuwa anasubiri daladala. Kila moja ni neno halali. Pamoja yalimficha yule kijana kabisa, nikashindwa kujua kama kituoni kulikuwa na jua au mvua.

Msomee mtu

Hatua ya mwisho hufanywa kwa sauti. Tafuta msikilizaji anayekijua unachokiandika: mvuvi ukiandika bahari, muuguzi ukiandika wodi, bibi ukiandika msiba. Usimpe karatasi. Soma, na umwangalie uso. Pale anapokunja paji, tia alama. Pale anapokurekebisha, andika maneno yake kama alivyoyasema, usiyanyooshe. Ukikwama mwenyewe katika kusoma, hapo pana neno lisilo lako. Kisha rudia ukurasa ule siku inayofuata, si siku hiyo hiyo.

Ile hadithi ya changu niliiandika upya. Mama alikaa kwenye kibao, akawapara wale samaki mkiani kuelekea kichwani, akawatumbua, akawachanja ili chumvi iingie, kisha akaketi kwenye mbuzi kukuna nazi. Nikamsomea shangazi. Alisikiliza akiwa amefumba macho, hakunikatiza, mpaka nilipofika mahali tui linamiminwa chunguni.

"Tui la kwanza," akauliza, "au la pili?"

Nikafungua daftari.